Kilomita 68.4 kabla mwaka haujaisha

Ijumaa 20 Desemba 2024. Kwenye daftari: 931.6

Leo sijatembea popote, nimekaa barazani na kaunta buku langu na simu, najumlisha tu. Lengo la mwaka lilikuwa kilomita 1,000 za mlimani na mpaka Jumamosi iliyopita nina 931.6, kwa hiyo zimebaki 68.4 na siku kumi na moja, na hapo katikati kuna Krismasi, kuna wageni, na kuna hii mvua ya vuli isiyoeleweka, asubuhi jua linawaka mpaka unatafuta kivuli, ikifika saa nane Uluguru nzima inamezwa na wingu utadhani hapajawahi kuwa na mlima pale.

Kwa asiyejua stori, ilianzia ofisi ya walimu mwishoni mwa 2023. Mwalimu mwenzangu wa jiografia, mtani wangu yule, alisema mtu wa Tabora hawezi kupanda mlima kwa sababu kwao kilima kikubwa kabisa ni kichuguu. Nikamjibu babu zetu Wanyamwezi walitoka Tabora mpaka Bagamoyo kwa mguu na pembe za ndovu begani, miezi mitatu njiani, hamna apu hamna pawabenki, sasa mjukuu wao atashindwa na mlima ulioko nyuma ya nyumba yake hapa Morogoro? Na hapo hapo nikajikuta nimetamka elfu moja. Mtu ukifundisha hesabu unapenda namba ya mviringo, ndo ugonjwa wetu. Mwaka huu una siku 366, ukigawa inakuja kilomita 2.7 kwa siku, ukisikia hivyo unaona ni kama kwenda dukani kufuata chumvi, mpaka ukumbuke kwamba natembea wikiendi na likizo tu, na kwamba mvua zile za El Niño zilikata njia miezi ya mwanzo, mwisho wa Aprili nilikuwa na 187. Mwaka mzima nimelipa hilo deni.

Sheria ziko ukurasa wa kwanza wa daftari. Kilomita zinaanza pale lami inapoishia, za mjini hazihesabiki hata nizunguke Msamvu mara kumi. Naenda na kurudi siku hiyo hiyo, hakuna kulala mlimani, hii aliiweka mama watoto. Na ya mwisho ni ile ninayowaimbia wanafunzi kila siku, bila kuonyesha njia hakuna maksi, maana yake simu isiporekodi sijatembea.

Jumamosi 21. +14.2 = 945.8

Morningside, pale mlimani kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani, halafu nikaongeza mpaka maporomoko ya Choma. Nimetoka saa kumi na mbili kasoro, giza bado, nikavuka lami nyuma ya Boma nikabonyeza simu ianze. Kwa simu yangu kutoka hapo mpaka Morningside ni 5.8, nimeipima mara nyingi kuliko nilivyopima joto la mtoto. Njia ni ile ya magari ila gari la kawaida usijaribu, ni mawe na makorongo, bodaboda ndo zinapita kwa kudra za Mwenyezi Mungu.

Saa hizo ndo wenyeji wanashuka kwenda soko la Chifu Kingalu, unapishana na akina mama wana ndizi kichwani, karoti, vindoo vya stroberi vimefunikwa majani, wanateremka mbio mbio na yeboyebo miguuni wala hawatazami chini, mi nina buti na fimbo mbili na bado nateleza. Bibi mmoja nikampa shikamoo akaitikia akaniuliza, "We mwalimu unapanda kufuata nini kila wiki, shamba lako liko wapi?" Nikasema natembea tu bibi. Akasema haya, akaendelea na safari yake. Mwaka mzima sijapata jibu zuri la hilo swali, na leo tena sikupata.

Pale Choma nimekaa kama dakika arobaini, maji baridi ile ya kuuma meno. Kitu ambacho watu hawajui kuhusu hizi apu ni kwamba ukikaa msituni na simu iko mfukoni inatembea yenyewe, miti inaichanganya inadhani umehama, ukija kuangalia umeongezewa mita mia mbili tatu na hukunyanyua hata mguu. Kwa hiyo nikikaa nasimamisha, nikinyanyuka naendeleza. Mtani wangu anasema huo ni uchawi wa uaminifu.

Jumapili 22. −5.9 = 939.9

Hii siku ningeweza kuiruka kwenye simulizi lakini basi.

Baada ya ibada nikasema ngoja nipitie rekodi za mwaka mzima, najua kuna mahali nilikosea kujumlisha mwezi wa tano. Mwezi wa tano uko sawa. Ila nikafungua ya Machi, siku moja hivi ya Jumamosi, imeandikwa 12.1, nikaangalia ile chati ya mwendo, naona mstari unatambaa huku chini vizuri, kilomita tatu nne kwa saa, halafu katikati unaruka juu kama mnazi. Kilomita 34 kwa saa. Mimi! Mwenye goti linalolia kama mlango!

Nikakumbuka. Ilinyesha siku ile, nilikuwa narudi nikakuta bodaboda inashuka tupu kijijini, nikapanda, elfu tatu, nikafika nyumbani nimelowa nikasahau kabisa kuzima. Kilomita 5.9 za pikipiki zimekaa kwenye daftari langu miezi tisa zinakula ugali wa bure.

Mama watoto akasema nani atajua. Nikasema mimi. Akasema basi we na we mkazitoe. Nikachukua peni nyekundu nikakata, nikaandika pembeni "boda". Zimebaki 60.1.

Jumatatu 23. +12.6 = 952.5

Lupanga. Nimeiweka leo makusudi kwa sababu ukiiacha mwishoni unatafuta sababu ya kutokwenda. Kilele kina mita zaidi ya 2,100 na mji uko kama mita 500, kwa hiyo kilomita kumi na mbili za Lupanga siyo kilomita kumi na mbili za mahali pengine, ni ukuta. Kibali nilishakata wiki iliyopita kwa kontroo namba, ni msitu wa hifadhi, na muongozaji ni kijana niliyemfundisha mwenyewe kidato cha pili, hesabu ilimshinda kabisa, leo anajua kila mzizi wa ule mlima na ananiita ticha huku ananivuta mkono kama mgonjwa.

Tumeanzia upande wa Bigwa saa kumi na mbili na nusu. Mwanzo ni migomba na mihogo, nyumba za watu, kuku, mbwa mmoja anayebweka kwa wajibu tu. Halafu unafika mpaka wa msitu na pale unaona kama umeingia chumba kingine, mwanga unapungua, joto linaisha, na njia inasimama. Sisemi inapanda, inasimama. Unashika mizizi kwa mikono, unaweka goti, unajivuta. Nikauliza tumebakiza nini, kijana akacheka, "Ticha, hii siyo ya kujumlisha hii, hii ni ya kuzidisha."

Juu zaidi miti inakuwa mifupi imejikunja, imevaa ukoga wa kijani mpaka kwenye vijiti vidogo, ukishika tawi mkono unatoka umelowa kama umekamua kitambaa. Hapo ndo tukamkuta kinyonga. Alikuwa kwenye kijiti usawa wa kifua changu, dume, ana pembe tatu puani kama kifaru mdogo wa kuchonga, jicho moja linanitazama mimi na lingine linatazama Dar es Salaam. Akanyanyua mguu, akausimamisha hewani, akayumba mbele nyuma mbele nyuma kama mtu anayejiuliza amesahau nini nyumbani, akautua. Nikahesabu, hatua moja ametumia sekunde kumi na moja. Nikamwambia kijana sogea umwone, akasema hapana ticha, mi namwona kutoka hapa, na alikuwa ameshasogea mita tano huko na mgongo umegeuka. Anapita na nyati usiku bila wasiwasi akienda kwao ila kinyonga hapana.

Kileleni tulifika saa tano na dakika kumi, ukungu mtupu. Watu wanadhani Lupanga unapanda uone mji, wengi wakifika wanaona miti na meupe. Nilikula mayai mawili na chapati, simu nimesimamisha, na hapo hapo nikahisi kitu kinapanda kwenye paja. Cha pili. Cha kumi. Siafu! Nilikaa juu ya njia yao. Jamani suruali niliivua nikiwa nakimbia, mwanafunzi wangu kasimama pale anajikaza asicheke, mimi na bukta kileleni mwa Lupanga nachomoa siafu mmoja mmoja, na siafu ukimvuta mwili unakatika kichwa kinabaki kimeng'ata. Mpaka jioni mama watoto alikuwa bado ananitoa vichwa kwa kibano cha nyusi.

Kushuka ndo kubaya kuliko kupanda, magoti yote yanalia, nimeanguka mara tatu, ya tatu nimekaa tu hapo hapo nikanywa maji. Saa kumi kasoro tuko Bigwa. Zimebaki 47.5.

Jumanne 24 na Jumatano 25. 952.5

Hamna kitu. Mapaja yamekaza, choo chetu ni cha kuchuchumaa, sitasema zaidi. Krismasi tulienda ibadani nikashuka ngazi za kanisa kwa kurudi nyuma, watoto wa Sunday school wakaanza kuniiga. Kuku, soda, usingizi.

Alhamisi 26. +7.4 = 959.9

Binamu yangu kaja kutoka Dar kwa SGR. Zamani mtu akitoka Dar na basi anafika Morogoro kachoka na ana hadithi ya foleni ya Kibaha, siku hizi toka treni ya umeme ianze mwezi wa sita mtu anakuja hajafika hata nusu ya kipindi anachoangalia kwenye simu. Kafika saa nne kavaa raba nyeupe. Nyeupeee. Nikamwambia twende Morningside, mvua ilinyesha usiku kutakuwa na tope, akasema binamu mi nakimbia Coco Beach kila Jumapili.

Kilomita ya kwanza anaongea. Ya pili anaongea kidogo kidogo. Ya tatu kimya. Ilipofika 3.7 akakaa kwenye jiwe akasema ameona vya kutosha. Nikamwonyesha vile vijito vinavyoshuka nikamwambia unaona haya maji, maji ya milima hii yanaingia Ruvu na nyie watu wa Dar ndo mnayanywa, akaangalia kwa muda, kulikuwa na mama anafua juu kidogo, akasema sasa naelewa kwa nini tunachemsha.

Tukageuka hapo. Kwa plani yangu leo ilitakiwa iwe 11.6, kwa hiyo nimepungukiwa 4.2 lakini mgeni ni mgeni, huwezi kumwacha kwenye jiwe. Raba sasa ni za rangi ya udongo wa Uluguru, na ule udongo mwekundu hautoki, nimemwambia aseme amezinunua hivyo. Zimebaki 40.1 na siku tano.

Ijumaa 27. +19.8 = 979.7

Leo nimeenda na yule kijana wa Lupanga, binamu kabaki kitandani. Bondwa, kule kwenye minara inayoonekana kutoka mjini, usiku ina taa nyekundu. Unapita Morningside pale kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani, unaendelea mashamba ya karoti na stroberi, halafu msitu, halafu unapanda unapanda. Ni ndefu ila siyo ukatili kama Lupanga, unaweza hata kupiga stori.

Na leo mbingu zilifunguka. Saa tano tuko juu, upepo baridi koti zima limevimba, na chini kila kitu kiko wazi, mji wote kama umemwagwa kwenye sinia, bwawa la Mindu linang'aa upande ule, barabara ya Dodoma, na reli mpya imekaa nyeupe imenyooka kama chaki kwenye ubao. Nikaiona treni! Kadogo hivi, kananyoosha kuelekea Dodoma hakana kelele. Nimetafuta na shule yetu, paa lake lina kutu upande mmoja, nimelipata. Kijana akaniambia ukigeuka huku kusini milima haijaisha, mbele huko ndo kuna Kimhandu, mkubwa wao, zaidi ya mita 2,600. Nikamwambia mwaka huu usinitajie.

Kilomita ya 15 wakati wa kushuka soli ya buti la kushoto ikafunguka mdomo, kila hatua inasema papa, papa, papa. Buti la mtumba nilinunua elfu thelathini na tano mwezi wa pili, sina la kulidai. Tulifunga na kamba ya katani tuliyopewa na mzee mmoja shambani, akakataa hela, akataka nimwambie matokeo ya kidato cha nne yanatoka lini.

Zimebaki 20.3. Hesabu ni nyepesi sasa, Jumamosi Morningside 11.6, Jumatatu chochote, kwisha habari, Jumanne nalala.

Jumamosi 28. 979.7

Mvua kuanzia saa tisa usiku mpaka saa kumi na moja jioni. Siyo manyunyu, mvua. Nimekaa dirishani na daftari kama mtu anayesubiri mgonjwa. Saa sita nikavaa koti, mama watoto akaniangalia tu, nikavua. Mwezi wa nne niliona ngema imeshuka na kufuta njia yote na migomba yake, sikuhitaji kuambiwa.

Fundi viatu kasema hili buti ni la kuzika, ila kalipaka gundi na kulishona kwa uzi wa tairi.

Jumapili 29. 979.7

Ibada, kumsindikiza binamu stesheni. Njia bado ni utelezi na mto umejaa. Nimepumzika kwa lazima.

Jumatatu 30. +11.3 = 991.0

Nilichoka na njia ile ile nikaamua kwenda Mgeta, upande wa pili wa milima. Nimepanda gari la Nyandira alfajiri, limejaa mpaka konda kasimama kwenye bampa, unapita Mzumbe, Mlali, halafu gari linaanza kupanda na kona zake, na dada mmoja pembeni yangu anasali kwa sauti kila kona, tukifika sehemu iliyonyooka anaendelea kula karanga.

Aisee Mgeta ni nchi nyingine. Baridi, ukungu unapita kati ya nyumba, na mlima wote umekatwa ngazi ngazi, kabichi, karoti, njegere, viazi, juu kabisa mpaka unajiuliza huyu mtu anapalilia kwa kujifunga kamba au vipi. Plamu zilikuwa zimeiva, nimenunua ndoo ndogo nikala nusu kabla sijaanza kutembea, kosa kubwa, sitaeleza. Nimeona na wale mbuzi wa maziwa, asili yao Norway, mambuzi makubwa yana ndevu za heshima, yamekaa kwenye mabanda ya mbao yamenyanyuliwa juu yanakutazama kama wakaguzi wa elimu.

Sikuwa na njia maalum, nilifuata vijia vya mashambani kilima hadi kilima. Kwenye mteremko mmoja nilimkuta mzee anasafisha mfereji, shikamoo mzee, marahaba, karibu, akapumzika kwenye jembe tukaongea. Nikasifia yale matuta ya ngazi, akasema haya ni ya kwetu wenyewe, wazee walijua. Ila akanikumbusha kule Matombo, mwaka 1955, serikali ya Mwingereza ilivyolazimisha watu wachimbe matuta ya aina yao, siku kadhaa kila wiki, na mtu hujui faida yake unaambiwa chimba tu, watu wakagoma, polisi wakaletwa na mtu akapigwa risasi akafa. Akasema baba yake alikuwa analisimulia hilo kila akishika jembe. Nikamwuliza sasa yale ya kule yalikuwa na kosa gani, akasema udongo wa juu wakati wa kuchimba walikuwa wanaufukia, wanapanda kwenye ule mbovu wa chini. Halafu akaniuliza na mimi nafanya nini huku na fimbo mbili. Nikamwambia nina lengo la kilomita elfu moja mwaka huu. Akafikiri. "Nani kakupangia?"

"Nimejipangia mwenyewe mzee."

"Ah, hapo sawa," akarudi kwenye mfereji.

Gari la kurudi liliondoka saa tisa kwa hiyo nikakata mapema, 11.3. Zimebaki 9.0 kamili. Morningside kwenda na kurudi ni 11.6. Yaani hata nikitambaa.

Jumanne 31. +5.8 = 996.8

Asubuhi nilikuwa na kazi za nyumbani, mama watoto alishasema hakuna mlima kabla sijaleta mchele na nyama ya pilau ya mwaka mpya, nikaleta, nikatoka saa saba mchana. Nilijua ni saa mbaya. Nilijua kabisa.

Kupanda kulikuwa kuzuri, sina haraka, kila mtu ananisalimia, mtoto mmoja kanipa embe. Ile namba naiangalia kila baada ya dakika mbili, 994, 995, 996. Pale Morningside nikasimama chini ya ile nyumba ya Wajerumani nikatoa simu kwenye mfuko wa nailoni ili nipige picha ya 5.8, na sekunde ile ile mvua ikashuka, haikuanza, ilishuka. Nikarudisha simu kwenye nailoni nikafunga. Nilichokuwa sijui ni kwamba nailoni ilikuwa imetoboka chini, nadhani ni fimbo, na mfuko wa koti nao ukawa unajaa maji kama kata.

Mvua ilipopungua nikaitoa. Kioo kina mistari, zambarau, kijani, halafu kikawa cheusi. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena kwa muda mrefu. Kulikuwa na watoto wawili na mizigo ya kuni wamejikinga pale pale, wakubwa wa kama miaka kumi, mmoja akasema kwa upole kabisa, "Imekufa."

Nikashuka. Hakuna kingine cha kufanya, nyumbani ni huko. Njia yote naijua, najua jiwe linaloteleza na jiwe linalodanganya, na najua kwa hesabu kwamba kutoka juu kwenda chini kilomita 3.2 zinaishia kwenye kalavati lililo chini ya mwembe mkubwa, kabla ya kona ya mwisho ya mashamba. Nilipofika pale nikasimama. Maji yanapita chini ya miguu yangu kwa kelele, rangi ya chai ya maziwa. Elfu moja iko hapa, nimeikanyaga, buti la uzi wa tairi limeikanyaga. Sijui nilisimama muda gani, nikasikia pikipiki inashuka nyuma yangu taratibu, dereva kajifunika nailoni kichwa kizima, akasimama. "Mwalimu, panda nikushushe, elfu tatu tu."

Nilicheka mpaka yule kijana akaogopa akaondoka.

Nyumbani saa kumi na mbili. Simu nikaifuta nikaizamisha kwenye mchele, mchele wenyewe ndo ule wa pilau, mama watoto akasema sawa ila saa mbili anauhitaji, ukitoka hujakauka shauri yako. Nikaenda kuoga. Saa mbili simu ikatolewa, pilau likapikwa, na saa tano usiku ikawaka yenyewe kitandani, nikafungua apu na mkono unatetemeka kidogo. Imehifadhi mpaka pale ilipozima. 5.8.

Nikaleta daftari mezani. Mama watoto akasema andika elfu moja na mbili nukta sita, kwenda umekwenda na kurudi umerudi, mimi ndo nimekufulia hayo matope, ushahidi gani tena unataka. Nikamwangalia kijana wetu, yuko kidato cha pili, mwezi wa kumi na moja ndo katoka kufanya mtihani na kila siku alikuwa ananilalamikia napunguza maksi kwa wivu. Akameza nyama yake kwanza. "Baba, jibu umepata. Ila njia haionekani."

Nikaandika 996.8. Mama watoto akachungulia akasema na zile za boda kama ungeziacha, nikasema kula pilau.

Jumatano 1 Januari 2025

Simu inawaka lakini haipokei chaji. Nimehangaika na waya tatu, nikataka kuipeleka kwa fundi, fundi kafunga, sikukuu. Saa nne kijana akaichukua akaisogeza dirishani akachungulia kwenye tundu la chaji kwa tochi, akaomba sindano. Akachokonoa, taratibu, ulimi nje. Ikatoka punje moja ya mchele, nzima kabisa, akaniwekea kiganjani.